Niliomba dawa ya watoto wawili, nikiwa nimeleta mmoja

Wakuu, gharama yote kwanza: safari mbili za moto, hizi pikipiki zetu, siku nne za hospitali, na aibu moja ambayo hakuna aliyenipunguzia bei. Nimehesabu mara mbili. Yaliyobaki hapa chini ni kweli tupu.

Mimi ni muuza fromage, jibini, wa Bihambwe. Kijana wangu Baraka, miaka minne, alikohoa siku tatu mpaka majirani wakalalamika.

Mudogo wake Neema, miezi minane, alikohoa pia, lakini kidogo. Alikuwa amelala tu, kimya.

Nikapiga hesabu: wagonjwa wawili, ugonjwa mmoja, nauli ya mmoja. Nikabeba Baraka, Neema akabaki na mama yake.

Kwenye santé, kituo chetu cha afya, muuguzi, infirmière Mama Furaha, alikuwa na tablette. Inamuuliza maswali, anajibu, halafu inamuonyesha dawa gani na kiasi gani. Akampima Baraka uzito, akahesabu pumzi zake dakika nzima.

"Ni mafua. Hana haja ya antibiotique. Umupe chai ya asali, anywe sana."

Nimepanda moto kwa ajili ya chai? Nikaanza kazi yangu ya sokoni, kupatana bei.

"Basi Mama, unipe tu ile ya mudogo wake. Ni kikohozi kilekile."

"Huyo mudogo iko wapi?"

"Nyumbani. Yeye hata hasumbui, analala tu. Hata kunyonya anachoka."

Akaweka tablette chini.

"Inaniomba uzito na pumzi. Niandike za nani, Papa? Za kwako?"

"Andika nusu ya kaka yake."

"Hapa hatupimi maharage. Mutoto mwenye kuchoka kunyonya, umulete sasa hivi."

Nilikasirika njia yote. Nikarudi na mke wangu na Neema.

Mama Furaha akamfunua kifua, akahesabu pumzi za dakika nzima. Sitini na tatu. Nikamwambia arudie, mnanijua. Akarudia, na mimi nikihesabu naye. Sitini na nne. Sikubishana juu ya ile moja.

Kile kifua kilikuwa kinaingia ndani kila akivuta pumzi. Tablette ikaonyesha rangi nyekundu: sindano ya kwanza hapo hapo, halafu hospitali, oxygène.

Leo Neema ananyonya na kupiga kelele kuliko kaka yake. Sijawahi kufurahia kelele hivi.

Nilimpelekea Mama Furaha fromage nzima. Akaikata, akagawia wamama waliokuwa kwenye foleni. Akaniambia, "Ukitaka kunilipa, usiache mutu aombe dawa ya mutoto aliyebaki nyumbani."

Nilichojifunza: nilikuwa nimemhesabu anayepiga kelele, nikamruka anayenyamaza.

Sasa asubuhi hii shemeji yangu wa Ngungu amepiga simu. Mutoto wake anakohoa, nimtumie vidonge vilivyobaki, vile Neema alivyopewa akitoka hospitali. Nimemwambia havikubaki, nimehesabu mara mbili. Amesema basi nimtajie jina la dawa, anunue sokoni. Nimekataa, ameniita bahili, amekata simu.

Wakuu, mnijibu haraka: nimwambie nini ili ampandishe huyo mutoto pikipiki leo, ampeleke santé?