Gunia la Mikono Mikavu

Harufu ya gunia lililonyeshewa hunirudisha mtaani kwetu Bulla Pesa, miaka ile ya vita vya Shifta, kwa sababu nilikuwa na hakika kabisa, wasomaji wangu, kwamba chifu wetu alikuwa na gunia la mikono ya watu. Mikono mikavu! Watoto wa mtaa walisema kila anayeshika Msahafu akaapa uongo, mkono wake hukauka papo hapo kama tawi la mgunga, ukaanguka pu, na karani akautia guniani. Gunia lenyewe nililiona kwenye veranda ya ofisi. Vidole vilivyochomoza vilizidi elfu.

Msinicheke. Shule mimi niliingia na ndevu zangu, darasa la jioni. Wakati huo sikuwa na mwalimu wa kunibishia.

Sasa, ng'ombe wanne wa M'Ikiara, mkulima Mmeru wa Burat, wakaswagwa usiku hadi kwa mashifta, wale waasi wa porini. Askari walimkamata Baba Mdogo Galgalo, ndugu wa pekee wa baba yangu. Akajitetea kwamba usiku ule alilala kwetu. Kwetu! Hata mbuzi wetu walijua hakulala. Chifu akaamua: Alhamisi, kwenye baraza, Baba aje ashike Msahafu aseme.

Akko, nyanya yangu aliyewazaa wote wawili, alihamia kwetu siku hiyo hiyo.

"Ni neno moja tu, mwanangu. Sema alilala. Huyo Mmeru alikunyonyesha?"

"Mama, niombe ngamia, nitakupa. Lakini Mungu anajua hakulala. Nitamwambia nini?"

"Mwambie huna ndugu mwingine!"

Wiki ile Baba hakukaa. Chai ilipoa mbele yake. Alifungua mbuzi, akawafunga, akawafungua tena. Alitoka msikitini akasahau viatu, akazunguka ua wetu pekupeku mpaka, nawaapia, akachimba mtaro wa kufika magotini. Nami sikutulia. Alipojilaza mchana kidogo, nilichota samli nikaanza kumpaka mkono wa kulia.

"Unafanya nini wewe?"

"Nauzuia usikauke."

Aliutazama ule mkono unaong'aa, akacheka kidogo, mara moja tu wiki nzima. Halafu akainuka, akaanza kuzunguka tena.

Alhamisi Akko hakutaka kutoka nyumbani, kwa hiyo mimi naye tulifika baraza tayari imeanza. Nilipenya kati ya miguu ya watu nikamwona Baba ameweka mkono juu ya Msahafu.

"Hakulala kwangu," alisema.

Akko akajifunika uso kwa shuka. Mimi, mjinga wa Mungu, niliruka juu nikipiga kelele, "Umebaki! Mkono umebaki!" Hakuna aliyecheka. Baba Mdogo akapandishwa lori la askari.

Kesho yake Akko alihamia Kinna, na mpaka anakufa hakunywa tena chai yetu. Msikitini, salaam za jamaa zilimfikia aliyekaa kulia kwa Baba, zikamruka, zikamfikia wa kushoto. Baba aliendelea kwenda, mara tano kila siku. Nami nilikua nikimwonea haya kidogo, moyoni nikiamini kwamba alimtoa ndugu yake kwa kuogopa gunia.

Baba tulishamzika siku Baba Mdogo, mzee sasa, kifungo chake kimesahauliwa na watu, alipokuja kwangu kunywa chai. Nikamsimulia habari ya gunia. Nilitegemea acheke.

Aliweka kikombe chini.

"Lile lilikuwa gunia la makaa ya karani," akasema. "Na siku ile mimi ndiye niliyeapa kwanza, kabla hamjafika. Niliapa nililala kwenu. Babako alisimama karibu nami hivi, akautazama mkono wangu. Akaona haukauki. Halafu ikawa zamu yake."

Akaunyoosha mezani, mkono wa kulia, vidole vyote vitano.

"Mkono ndio huu."