Kijana Aliyesalimia Vizuri

Majina ya watu wa Lodwar nayajua, ya walio hai na ya waliozikwa. Hapa sitaandika hata moja. Nimefundishwa adabu, na mwalimu wangu ni mjukuu wangu anayeshona na kuuza vikapu Kakuma.

Siku moja kijana alinipigia simu, akanisalimia kwa Kiturkana. "Ejok, shosho! Mimi ni wa ofisi ya simu. Wewe ni wa nyumba ya nani?"

Jamani, nani siku hizi huuliza hivyo? Wajukuu wangu wakija hapa kwangu Kanamkemer, mtaa wa Lodwar, huuliza chaji iko wapi. Nikakaa vizuri, nikamtajia babu zangu mpaka wa sita. Akasikiliza! Kisha akauliza juu ya yule mjukuu wangu wa vikapu: mama yake aliitwa nani? Alizaliwa wapi? Alianza shule gani? Nikajibu yote, na kwa ukarimu wangu nikamwongezea jina la mbuzi wake wa kwanza.

Jumapili hiyo, nje ya kanisa, jirani alinionyesha simu yake. Ukurasa wa mtandaoni ambao mjukuu wangu huuzia vikapu, picha ni yake, tabasamu ni lake, lakini sasa anauza dawa ya nguvu za kiume.

"Mama, hii ya unga mnachanganya na chai ama na maziwa?" akaniuliza. Wenzake wakacheka mpaka wakashikana.

Mjukuu akapiga simu akilia. Wateja wake wamekimbia, na wakwe wanauliza amejifunza wapi hayo mambo.

"Ata, bibi yangu, ulimwambia nini yule mtu?"

"Alisalimia vizuri."

"Hayo ndiyo majibu yangu ya siri ya kufungulia ukurasa!"

"Jina la mama yako ni siri? Huyo mama nilimzaa mimi! Lodwar nzima inamjua."

Basi hiyo ndiyo akili ya wasomi: kufunga nyumba kwa kufuli ambayo ufunguo wake unatajwa kwenye kila salamu.

Akafungua ukurasa mwingine. Kwangu akafunga mdomo. Nikiuliza habari, "Niko sawa, Ata." Alikuwa amepata mimba; nikiuliza ina miezi mingapi, "Inaendelea." Nikawa kama mtu wa serikali.

Mtoto alipozaliwa, niliambiwa na jirani yule yule wa dawa. Kwetu mtoto hutajiwa majina ya waliotangulia, moja moja, na lile ambalo likitajwa hushika ziwa la mama ndilo lake. Katika ukoo wetu anayeyataja ni mimi. Nikajua sasa wamemtafutia jina kwenye simu, labda la mcheza mpira. Nikapanda gari kwenda Kakuma bila kualikwa.

Nilimkuta mjukuu kitandani, mtoto begani.

"Jina lake?" nikauliza.

"Hana. Nani angetaja?" Akanyoosha mkono. "Lakini kwanza lete simu, Ata."

Akaizima, akaipeleka kwa jirani Msudani, mlango wa tatu, akarudi akafunga pazia. Hata kura hatupigi kwa siri namna hiyo. Akaweka mtoto kifuani. Nikaanza kutaja, polepole, wa kwanza, wa pili. Mtoto anageuza uso tu. Kwa wa tano akashika ziwa, akavuta.

Tukatazamana, mjukuu na mimi. Akanifuta machozi kwa kanga ya mtoto.

Tangu nirudi Lodwar naulizwa: anaitwa nani, anaitwa nani? Nawaambia ni msichana na ana afya. Wanasema nimezeeka, nimeanza kusahau majina.

Acha waseme.