Goti la Kulia la Ithel Blaen-nant

Goti la kulia la Ithel lilikuwa maarufu bondeni kwetu kuliko mwenyewe. Lilikuwa likilowa kila mvua iliponyesha, na huku kwetu Wales mvua si mgeni, ni mwenyeji. Chini ya kioo cha mbele cha Landrova yake ya kijani palikuwa na kidirisha cha hewa. Mpira wa kidirisha hicho ulikuwa umekakamaa kwa jua na barafu ya miaka mingi, ukawa kama mkate wa juma lililopita. Maji yalipenya pale, yakadondoka tone moja moja juu ya goti la dereva. Ithel alikunja gunia la chakula cha kondoo mara nne akaliweka gotini, akaendesha hivyo miaka nenda miaka rudi. Akiingia dukani ulimtambua kwa suruali: mguu mmoja mkavu, mmoja chapachapa.

"Mzee, umejikojolea tena?" Glyn Hafod alikuwa akimuuliza mbele za watu.

"Nimejikojolea kwa ufundi," Ithel alikuwa akijibu. "Hebu jaribu wewe kulenga mguu mmoja tu."

Glyn alikuwa jirani yake. Huku mtu huitwa kwa jina la shamba lake, kwa hiyo Ithel alikuwa Ithel Blaen-nant na Glyn alikuwa Glyn Hafod, na majina yao ya ukoo yalijulikana na mtu wa posta peke yake. Binti pekee wa Ithel, Mererid, yeye aliitwa Mererid Raba kwa sababu ya kazi yake ya kuweka mipira ya milango ya magari. Jina hilo lilimkera kwanza, baadaye akalichora mwenyewe kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa karakana.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja siku alipoahidi. Asubuhi ile alikuwa akipelekwa shule, mbwa amelala miguuni pake, na mvua inapiga kimshazari. Alimwona baba yake akisogeza goti huku, akilisogeza kule, na tone linamfuata. Mererid akatoa mdomoni ubani aliokuwa akiutafuna, akanyoosha mkono, akaukandamiza kwenye ufa ule. Ukashika mpaka darajani.

"Nikiwa mkubwa nitaziba pote, Baba. Utakaa mkavu kama waziri."

"Haya," Ithel akasema, macho barabarani. "Nakungoja."

Basi akakua. Mama yake alifariki Mererid akiwa na miaka kumi na tisa, na mwaka huohuo akaenda kujifunza ufundi kwenye gereji ya mjini. Wanaume wa pale hawakumfukuza, walichofanya ni kumpa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kung'oa mipira mizee ya milango na madirisha na kuweka mipya. Kazi hiyo inachuna vidole na haina sifa, maana ukiifanya vizuri hakuna mtu anayeona kitu. Walidhani atachoka. Badala yake akafungua karakana yake mwenyewe uani Blaen-nant, akawa fundi wa kuletewa magari kutoka mbali, Landrova za zamani zilizonunuliwa na mawakili na madaktari wa meno ambao hawajawahi kukanyaga tope ila kwa bahati mbaya. Aliwarudishia zikiwa mpya, nao wakaenda kuziegesha mahali pakavu.

Alikuwa na sharti moja, na ndilo lililomfanya awe Mererid. Mpira mpya ni mgumu na mnene. Ukiuweka tu, mlango haufungi, unabaki umejitokeza nje vidole viwili. Hapo ndipo mafundi wa pupa huharibu: wengine hukata mpira, wengine hukunja mlango kwa goti, wengine husaga kitasa. Mererid hakufanya hata kimoja. Aliupaka mpira poda usigande, akausukuma mlango ushike jino la kwanza la kitasa, akauacha. Baada ya siku kadhaa mpira unalala, mlango unaingia jino la pili, na kuanzia hapo utaufunga kwa kidole. Wiki mbili, na wakati wa baridi tatu. Mwanamume mmoja alikuja akimlilia, gari lake linatakiwa kwenye harusi ya bintiye Jumamosi. Mererid akamwambia akodi jingine.

Na gari la baba yake? Lilikuwa nyuma ya foleni. "Wiki ijayo, Baba," na wiki ijayo akaja mteja. Miaka thelathini si mchezo, lakini ndivyo ilivyopita, wiki moja moja, na sisi tukicheka kwamba fundi wa raba ana baba anayelowa. Siwezi kumlaumu, kwa kuwa Ithel mwenyewe hakuwahi kulalamika. Kila alipopita karakanani alipiga goti lake kwa kiganja mara mbili, pa pa, akaenda zake. Huo ndio ulikuwa ukumbusho wote.

Mwezi wa tisa mwaka ule Ithel alianguka uani, ndoo mkononi. Ilikuwa moyo. Daktari akasema hataendesha tena, lakini akitunzwa, asipande ngazi, asibebe kitu, huenda akawaona wanakondoo wa masika. Mererid aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Masika yalikuwa miezi sita mbele, na miezi sita kwa fundi ni muda wa kutosha kwa chochote.

Akamhamishia kitanda jikoni, karibu na jiko. Mzee akawa anakaa dirishani na kofia yake kichwani, bakuli la mchuzi wa kondoo linapoa mbele yake. Siku ya nne akasema:

"Mererid, nina ombi."

"Ukiomba sigara, hupati."

"Nipeleke juu, pale kwenye lango la malisho. Mara moja tu. Nikawaone kondoo kabla hawajashushwa bondeni kwa ajili ya baridi. Kwa Landrova yangu, si kwa hicho kigari chako cha kwendea sokoni." Akapiga goti, pa pa. "Na goti liwe kavu. Nikishaona hilo ndiyo nitaamini kwamba una kazi."

Mererid akacheka, akatoka nje, akalia nyuma ya ghala. Kisha akawapigia simu wateja wote kwamba karakana imefungwa.

Alilivua lile gari kama mtu anavyomvua nguo mtoto aliyelala. Aling'oa mipira ya milango, ikavunjika vipande mikononi. Aliinua kioo cha mbele, akakwangua kutu, akapaka rangi. Alipofika kwenye kidirisha cha hewa cha upande wa dereva, patasi ikagonga kitu kigumu cheupe kilichoshikamana na bati. Akakitoa, akakigeuzageuza kwenye mwanga. Ulikuwa ubani, na alama ya kidole cha mtoto bado ilikuwa juu yake.

Akampelekea baba yake kwenye sahani ya chai. Ithel aliucheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Mererid akaogopa.

"Ndiyo kazi yako ya kwanza hii," akasema alipopata pumzi. "Bora kuliko ya wale madaktari wa meno."

Akauweka dirishani karibu na dawa zake, na hakukubali utupwe.

Mipira mipya ikaingia yote kwa siku tatu. Aliilainisha kwa maji ya sabuni ya vyombo, akaikalisha inchi kwa inchi kwa kidole gumba, pembeni akitumia kipande cha mbao alichokichonga zamani, kilichong'aa kwa kushikwa. Kidirisha cha hewa alikifanya mwisho, na alikifanya mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikiona kizuri tu, na yeye alikitaka zaidi ya hapo. Kisha akasukuma milango ikashika jino la kwanza, ikajitokeza nje vidole viwili, kama inavyopaswa.

Siku ya pili yake, Jumanne, kulikucha jua. Watu wa huku hawasahau siku kama hiyo mwezi wa kumi: mlima mzima ulikuwa rangi ya shaba, na kondoo ungeweza kuwahesabu kutoka bondeni. Mererid alikuwa akifagia karakana aliposikia mkongojo. Baba yake alisimama mlangoni, koti juu ya nguo za kulalia, viatu vya shambani miguuni.

"Twende," akasema.

"Nani kakuruhusu kutoka? Baba, rudi ndani."

"Nimejiruhusu. Tazama nje. Siku kama hii nitaipata wapi tena?"

"Gari halijawa tayari. Milango haijafunga."

"Si imeshika?"

"Jino la kwanza tu. Tukipita kwenye mawe itafunguka, utaanguka nje."

Ithel akatazama ukutani, palipotundikwa kamba za buluu za kufungia majani makavu. Hakuna kitu katika shamba la huku kisichofungwa kwa kamba hizo, kuanzia malango mpaka suruali. "Funga mlango kwa kamba. Pitisha hapa, kaza pale. Nimefunga kwa kamba maisha yangu yote na bado nipo."

"Kamba itakata mpira, Baba. Mpira mpya haulazimishwi. Ukiubana sasa utalala vibaya, na mvua itaingia palepale."

"Leo hakuna mvua."

"Kesho itakuwepo. Nimekuahidi mkavu, nitakupeleka mkavu. Nipe wiki mbili."

"Kwani mimi biskuti, nikilowa nitayeyuka?"

"Wiki mbili, Baba. Sijawahi kutoa gari hapa mlango haujafunga, na sitaanza na lako."

Mzee alikuwa mkaidi, na alimjua mkaidi mwenzake. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale kidogo, kisha akageuka.

"Haya," akasema. "Nimekungoja miaka arobaini. Wiki mbili ni nini."

Mererid akamshika mkono, wakarudi jikoni polepole. Alasiri ile Ithel alikaa dirishani mpaka jua likaondoka mlimani. Mererid aliendelea kufagia. Alijisikia vizuri, kusema kweli, kama mtu aliyeshinda jambo gumu kwa haki.

Jumatano mvua ilirudi. Kila asubuhi, akishampa baba yake chai, alikwenda karakanani kuujaribu mlango kwa nyonga. Siku ya tano haukusogea. Siku ya saba ukasogea nusu. Siku ya tisa akausukuma, akasikia mlio aliokuwa akiungoja, mdogo na mzito, na mlango ukazama kwenye jino la pili ukalingana na bati la ubavu. Akaufungua, akaufunga tena kwa vidole viwili. Ukafunga.

Akavuka ua mbio, mikono ina poda, akiita tangu nje, "Baba! Vaa viatu! Mpira umelala kabla ya siku zake, tunaenda leo!"

Ithel alikuwa kwenye kiti chake, kofia kichwani, uso umeelekea mlimani. Chai ilikuwa nusu, na bado ilikuwa ya moto.

Siku ya mazishi, mwenye kazi ya mazishi alileta gari lake refu jeusi mpaka kwenye lango la shamba, na Mererid akamrudisha. Glyn Hafod na wenzake wawili wakalitia jeneza nyuma ya Landrova. Glyn akausukuma mlango wa nyuma kwa nguvu, kwa mazoea ya miaka mingi, nao ukafunga kabla hajamaliza kusukuma. Akarudi hatua moja.

"Kazi safi hii, Mererid," akasema kwa nia njema kabisa.

Glyn akasema tutangulie sisi kanisani, na Mererid akabaki peke yake na baba yake.

Barabara ya kanisa la Soar inakwenda kushoto. Mererid akakata kulia.

Alipanda katika mvua, mawe yakiligonga gari chini, jeneza likitikisika nyuma yake. Langoni akasimama. Kondoo walikuwa wachache, wengi walishashushwa, na ukungu ulifunika nusu ya mlima. Akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akajiona mjinga, akauacha wazi vilevile.

"Nimekuleta, Baba," akasema. "Hawa hapa."

Kondoo mmoja aliinua kichwa, akarudi kwenye majani yake.

Mwishowe akaufunga mlango, akarudi kwenye usukani, akakaa akisikiliza. Mvua ilikuwa inapiga paa, inapiga kioo, inatiririka kila upande, na ndani hamkuwa na tone. Gunia la mzee lilikuwa bado kwenye kiti cha pembeni, limekunjwa mara nne. Mererid akatazama goti lake la kulia. Lilikuwa kavu. Akalitazama goti lile mpaka hakuliona tena kwa machozi, akalia kwa sauti kama ambavyo hakulia hata siku aliyokufa mama yake. Kisha akashika kishikio cha chuma chini ya kioo, akakivuta, akakifungua kidirisha cha hewa chote, na maji yakamwangukia.

Sisi tulikuwa tumesimama mbele ya Soar dakika arobaini, mvua ikituingia kwenye kola. Mchungaji alikuwa ametazama saa yake mara tatu. Landrova ikaja, tope mpaka madirishani, na tope la rangi ile bondeni kwetu linapatikana mahali pamoja tu, kwa hiyo hakuna aliyeuliza ametoka wapi. Mererid akashuka. Wote tukaona suruali yake nyeusi ya mazishi: mguu mmoja mkavu, mmoja chapachapa.

Glyn akamsogelea, kofia mkononi. "Mpira umevuja, mwanangu?" akamuuliza kwa upole.

"Hapana," Mererid akasema. "Hauvuji hata tone." Akalitazama goti lake. "Ningefunga na kamba, Glyn. Aliniambia nifunge na kamba. Jua lilikuwa linawaka."

Glyn akazunguka nyuma, akafungua mlango, akashika jeneza upande wake, nasi tukashika wa kwetu.