Mwani wa Memsabu

Juzi, katika maabara ya chuo, nilinusa mwani wa kijani, tumbo likanirudisha Nachingwea. Baba alikuwa mpishi wa Wazungu wa mradi wa karanga. Mchana mmoja, nikiwa mtoto, alileta mwani mkavu, zawadi ya memsabu kutoka pwani ya kwao, akautundika mlangoni bila maelezo, akarudi kazini. Mama akaupika kama mlenda. Ulinuka samaki aliyeoza, ukateleza kooni kama kamasi za mtu mwingine.

"Maliza, Somoe. Mboga ya Ulaya hiyo."

Nilimaliza, nikidhani ndiyo inayowapa Wazungu akili.

Baba aliporudi na kuuona sufuriani alishika kichwa. "Mama Somoe! Ule ni wa kutundikwa tu, wa kutabiria mvua. Ukilegea, mvua inakuja. Kesho memsabu akiniuliza umeonyesha nini, nitamjibuje?"

Mama alinitazama nikitapika uani. "Mwambie umelegea."