Pemba ya Mama Ndani ya Remorke

Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, aliponiambia kwamba anataka kugeuza remorke yake kuwa frigo, friji ya kubebea samaki, nilikwenda kuitazama. Remorke ile ni sanduku la chuma la kuvutwa na gari, pana kama chumba. Kwake yeye ilikuwa mali. Kwangu mimi ilikuwa nyumba.

Tulikaa mule, mimi, mke wangu na mama, tulipokimbia Malemba-Nkulu. Waliotukimbiza hawakutoka mbinguni: walikuwa watoto wa majirani zetu walioshika panga, na mmoja wao mama yangu ndiye aliyempokea siku alipozaliwa. Tulifika Kamina kwa miguu tukasikia kuna mabashi, yale maturubai ya kujengea wakimbizi vibanda. Chef wa mtaa akayauza sokoni, na mpaka leo ananisalimia "bonjour papa" bila haya. Ndipo yaya akatufungulia remorke, iliyokuwa imelala bila magurudumu nyuma ya nyumba yake, karibu na reli. Alisema tukae kidogo. Tulikaa miaka.

Mchana chuma kilikuwa sufuria juu ya moto. Tulikuwa tunatoka nje na kufuata kivuli chake, asubuhi upande wa reli, jioni upande wa choo. Mama akasema, "Tuko sawa na kuku." Mvua ikinyesha, kelele ilijaa mule ndani hata mke wangu na mimi hatukuweza kugombana, tulingoja iishe, na ikiisha tumekwisha kusahau. Ilikuwa shida, najua. Lakini kama leo ningepewa siku moja ya kurudia, nisingechagua nyumba yetu ya Malemba. Ningechagua jioni moja mule, bukari, ule ugali wetu, na dagaa, treni inapita, sahani inatembea yenyewe sakafuni, na mama anaizuia kwa kidole huku anatafuna.

Mama hakutaka kulala katika chuma cheusi. Alitafuta pemba, ule udongo mweupe ambao sisi Waluba tunapaka kwa kuomba amani. Mtoto akienda safari, mama anampaka mikononi. Akapaka kuta zote kwa viganja vyake. Ugonjwa ulipomshika aliendelea akiwa amekaa chini, ndiyo maana upande wa mlango alama za vidole vyake zilikuwa karibu na sakafu. Alikufa mulemule. Sisi tukahamia nyumba ya matofali mabichi.

Basi fundi wa povu, lile la kuzuia joto, akafika kutoka Lubumbashi, na mitungi miwili na mpira wa kupulizia. Akafungua mlango, akacheka.

"Muko na kanisa humu?" Akapitisha kidole ukutani, kikatoka cheupe. "Hii yote itoke. Povu haishike juu ya vumbi. Barabara ya kwanza mbaya, itabanduka yote, ianguke juu ya samaki."

"Acha ule upande wa mlango," nikamwambia.

"Papa, ukiacha upande moja, hii haiko frigo. Iko jiko."

Alisema kweli. Nani anajua joto la chuma kile kuliko mimi?

Yaya akanisukumia ndoo na brosi. "Weye njo ulikala mule. Weye njo utaosha."

"Yaya, samaki iko ya weye. Osha weye. Ule alikuwa mama yako pia."

"Unaogopa maji?"

"Na weye unaogopa nini?"

Akanyakua brosi, akaingia. Nilibaki nje nikingoja kusikia brosi inakwaruza, ili hasira yangu itimie. Sikusikia kitu. Nikachungulia. Alikuwa amechuchumaa mbele ya vile vidole, brosi inamdondoshea maji kwenye kiatu. Mtu huyu hakuja hata mara moja kukaa na mama mgonjwa. Alituma unga kwa mkono wa mke wake, akasema mule mna joto. Neno hili naliandika hapa, alisome.

"Minyi shiwezi," akasema.

"Basi usimwage maji. Pemba itapotea bure."

Nikachukua kisu, nikaanza kukwangua pemba ikiwa kavu. Yeye akashika kopo chini, ikaangukia humo. Fundi alituita, tukaendelea kukwangua. Tulipofika kwenye vidole, yaya akanyoosha mkono nimpe kisu. Sikumpa.

Tukaosha chuma kwa sabuni, kikakauka, kisha povu likaingia. Lilitoka la manjano, likavimba kama mkate, likameza pembe zote. Fundi alipomaliza na harufu ilipotoka, niliingia nikajifungia. Kimya. Treni ilipita, nikaijua kwa mtetemo kwenye nyayo tu.

Asubuhi ya safari ya kwanza kwenda Bukama kuleta samaki, remorke ikiwa imetiwa magurudumu, kabla hajapanda gari, yaya alisimama mbele yangu akakunja mikono ya shati. Angepakwa na nani mwingine? Nikachovya vidole ndani ya kopo la pemba. Sijamsamehe, na akifika hapa katika kusoma, ajue. Lakini barabara ya Bukama ni mbaya, nikampaka mpaka kwenye viwiko.