Jaketi la Kukulia

Kwetu Kibomet, pembeni mwa Kitale, sikumbuki mtoto aliyenunuliwa nguo iliyomtosha. Sweta la shule lilifika karibu na magoti, mikono ikakunjwa mara mbili, kaptura ikapigwa pindo nene kwa ndani ili mwaka ukiisha lifumuliwe. Ukilalamika, mama anakuuliza, "Kwani wewe hutakua?" Nani atasema hatakua?

Mdogo wangu alikuwa mwembamba, shingo ya kifaranga, na kila shule zikifungwa aliomba kitu kimoja tu: kwenda Bungoma kwa khocha wetu, kaka yake mama, aliyevusha watu mto Nzoia kwa mtumbwi. Alitaka kushika kasia. Mama alizaliwa kando ya mto huo huo na aliuogopa kuliko shetani. "Huingii kwa mtumbwi bila jaketi la kuokoa maisha," alimwambia, akidhani amemaliza maneno. Jaketi lenyewe lingetoka wapi, huku kwetu kwa mahindi?

Si likapatikana! Mama mwenyewe aliliona kwa mitumba mjini Kitale, rangi ya machungwa, limelala katikati ya makoti ya baridi. Alilileta nyumbani akicheka. Lilikuwa la mtu mzima. Mdogo wangu akalivaa, akazunguka nalo uani, kichwa kikichungulia tu kwa juu, nasi tukashika mbavu.

"Atalikulia," mama akasema.

Likizo ya Agosti, mimi na mama tukampeleka. Khocha alikuwa mtu wa kelele na vicheko, lakini kwa mambo ya mto hakuwa na mchezo. Alilibeba jaketi mpaka kwenye mwanga, akabonyeza sponji kila mahali kuona kama bado ina uhai, akavuta mikanda, akafunga vifungo na kuvifungua. "Jaketi ni mzuri. Haijaoza popote." Kisha akamvisha mtoto, akamfunga kila kitu, akashika mabega ya jaketi na kuyavuta juu kwa nguvu. Likapanda mpaka masikioni.

"Dada, hii haijamshika," akasema. "Maji itavuta hivi hivi. Jaketi iende juu, mtoto aende chini."

"Si nitapunguza, bana."

Mama akaketi pale pale nyasini, akatoa sindano na uzi kwenye mkoba, akakunja mabega, akakunja mbavu, akashona. Khocha akavuta tena. Jaketi likatulia mahali pake. "Sasa imekaa," akasema, na mdogo wangu akaruka kwa furaha akakimbilia mtumbwini. Hakuna aliyeangalia mshono. Ulikuwa ule ule wa kaptura za shule, hatua ndefu, uzi mmoja, ili siku akikua ufumuke bila kuharibu kitambaa.

Tukarudi Kitale, tukamwacha huko. Habari zilikuja kwa simu ya jirani, kwa sababu miaka ile sisi hatukuwa na simu. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mto ukaja na gogo, gogo likaupindua mtumbwi. Khocha aliwatoa abiria, akarudi majini kumtafuta mtoto. Alilikuta jaketi kwanza. Lilikuwa linaelea vizuri kabisa kwenye matete, vifungo vyote vimefungwa, nyuzi za mama zimekatika mabegani. Mdogo wangu walimpata kesho yake, mbali kule chini.

Matangani mama mmoja wa kanisa alituambia eti Mungu alimpenda zaidi. Nikamuuliza mbele ya watu wote, "Zaidi ya nani? Zaidi ya huyu?" Nikamwonyesha mama yangu pale chini kwenye mkeka. Wakanivuta kando, wakaniambia nina mdomo. Ndiyo, ninao, na maneno hayo ningeyasema tena leo.

Kilichonivunja moyo kabisa ni wale wawili. Khocha alisema, "Ni mimi nilisema imekaa." Mama akasema, "Ni mimi nilishona." Walinyang'anyana lawama mpaka sauti zikawakauka, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake.

Tangu hapo mama hakushona tena pindo la mtu. Jaketi hakulitaja.

Miaka michache baadaye mwanangu alipoingia nasari, mama aling'ang'ania kumnunulia sweta yeye mwenyewe. Tulienda duka moja mtaa wa Tuwan. Muuzaji, kijana mchangamfu, akatuletea sweta kubwa bila hata kuuliza, si ndivyo wazazi wote wanavyotaka. Mama akamvisha mjukuu wake, akamfunga vifungo vyote, kimoja kimoja, kisha akashika mabega ya sweta akayavuta juu. Likapanda mpaka masikioni.

"Leta ndogo," mama akasema.

"Mathee, chukua hiyo tu, ataikulia. Hiyo ndogo ni ya term moja, halafu imembana."

"Nimesema leta."

Akamvisha lile dogo. Akavuta. Halikusogea. Hakuyaachilia mabega, alibaki ameinama hivyo, mtoto akimwangalia.

"Ikimbana nitanunua ingine," akamwambia muuzaji. "Na hiyo ikimbana, ingine. Mimi nataka nione imembana."