Kovu la Korosho

Kang'ata nzima iliujua mkono wa Zuena. Mwaka 1968, mapaa ya kijiji hicho cha Ujamaa yakiwa bado yananukia nyasi mbichi, yeye ndiye alikuwa balozi wa nyumba kumi. Watu walipokataa chanjo ya ndui, eti inaua kizazi, alipandisha mkono wa gauni.

"Kovu mnaliona? Nimechanjwa, halafu nikamzaa Zamda. Kizazi kimekufa wapi?"

Wakacheka, wakaamini.

Uongo mtupu. Lile kovu ni la utomvu wa ganda la korosho. Aliupaka mwenyewe, ukaila ngozi, ili bwana afya akipita aone kovu aende zake. Zamda alipozaliwa naye akampaka, mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Zuena aliiogopa sindano kuliko wote aliowahimiza.

Kisha habari zikaja kutoka upande wa Mombo: ndui imeingia. Bwana afya Hiza, Msambaa wa Bungu, akafika na baiskeli. Foleni ikajaa, na waliokuja walikuja kwa ajili ya ule mkono.

"Mama balozi, wewe pumzika," Hiza alisema. "Leo nawataka wasio na kovu."

Swaumu, jirani wa Zuena, mtoto kiunoni, akadakia: "Mwacheni shujaa wetu! Leo tuchomwe sisi waoga."

Kicheko. Zuena akahisi joto la Zamda mgongoni. Akinyamaza, mtoto hana kinga. Akaenda kusimama nyuma ya Swaumu.

"Na wewe unataka nini huku?" Swaumu aligeuka.

"Sijachanjwa, mwenzangu. Hii ni korosho. Na ya mwanangu pia."

Swaumu aliutazama mkono, akamtazama usoni. "Kwa hiyo mimi nimemleta mwanangu hapa kwa ajili ya korosho?"

Akaondoka na mtoto wake. Wawili wakamfuata.

Zuena na Zamda wakachanjwa. Hakuna aliyewapigia makofi.

Siku chache baadaye, mkono umevimba na homa inampanda, alipiga hodi kwa Swaumu.

"Leo umeniletea mkono gani?" Swaumu aliuliza kutoka ndani.

"Huu umevimba kweli. Sikuombi uniamini. Hiza bado yupo kwa mwenyekiti, kesho anaondoka. Muulize yeye."

Halafu Swaumu akatoka na mtoto, akampita bila salamu, akashika njia ya kwa mwenyekiti. Zuena akamfuata kwa mbali, mkono ameufunika kwa kanga mpaka kwenye kiwiko.